Uchafu wa Mbio

Iguguno, Mkalama
24 Novemba 2024

Kaka Nikunj,

Shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa kukuandikia. Ni wiki tatu sasa tangu nitoke nyumbani kwenu Singida. Ningeweza kusema Belinda alikuwa na homa, maana kweli alikuwa nayo, au kwamba tunalima, maana mvua imeanza. Lakini sikuchelewa kwa hayo. Nilikuwa nasubiri hasira ishuke ndipo niandike kwa adabu. Haijashuka. Nimeona nikiendelea kuisubiri nitazeeka, kwa hiyo naandika nayo hivyo hivyo.

Sipigi simu. Ile ya nyumbani niliiacha mezani siku ile ile, pasiwe na cha kuongeza kwenye vitu mnavyosema niliiba. Na ukipiga kwa simu ya mjomba wangu, unasema wewe kisha unakata. Karatasi haikatiki.

Nakueleza yaliyotokea kwa kuwa hukuwepo. Ilikuwa Jumatatu tarehe nne, baada ya Diwali, saa tano asubuhi. Nilikuwa namlisha baba yako uji. Kamran wa duka la vitambaa ng'ambo ya barabara akaingia bila hodi, simu sikioni, na wewe uko ndani ya simu. Akaenda moja kwa moja kwenye kabati la vioo, akahesabu magari ya Mzee kwa kidole, mara mbili. Nilimsikia: "Bhai, yapo yote, ishirini na nne." Ukamwambia neno. Akanigeukia.

"Lete mfuko."

"Mfuko upi?"

"Huo wa mtoto."

Akautoa nje barazani, mbele ya wateja wake, akamwaga nepi za mwanangu. Nne. Tatu safi na moja chafu. Gari hakulipata. Akachukua kitambulisho changu cha NIDA, akasema atakaa nacho pamoja na mfuko mpaka jambo lieleweke. Jambo gani? Nikamfunga Belinda mgongoni nikaondoka. Mzee alikuwa ananiita, "Chanchal! Chanchal!", jina la marehemu mama yako, maana tangu kiharusi cha Machi ndivyo anavyoniita. Sikugeuka. Hilo linaniuma kuliko la mfuko.

Sasa sikiliza la huku. Kamran alitangaza barazani kwake, "Yule dada wa Mzee Chandrakant ameiba gari." Palikuwa na mpakiaji wa alizeti, mtu wa kwetu. Mimi nilisubiri usafiri, habari haikusubiri. Nashuka tu Iguguno, muuza vitunguu ananiuliza, "Yustina, gari umeliacha wapi?" Mjomba Bonaventura akanitazama kwa huruma: "Mwanangu, baiskeli yenyewe ilikushinda. Gari uliliendeshaje?"

Mtendaji wa kijiji akaniita ofisini. Anataka namba za usajili. Nikamwambia mimi namba ninazozijua ni za ubavuni: saba, kumi na tisa, thelathini na nane. Akaziandika. Nikamwonyesha kwa vidole urefu wa gari lenyewe, halizidi kiganja. Akaweka kalamu chini. "Binti, usinichezee. Hii ni ofisi."

Kwa hiyo nakuuliza kwa maandishi, unijibu kwa maandishi. Kama yote ishirini na nne yapo, nimeiba lipi? Jina langu ndicho kitu pekee nilichotoka nacho Singida, na kimefika kimevunjika. Jana mtoto wa jirani amemwita mwanangu "Belinda wa mwizi wa magari". Belinda akacheka. Amesikia neno magari, akafurahi.

Uji wa Mzee uwe mzito. Alishwe amekaa wima, na kijiko kiingie upande wa kushoto wa mdomo, kulia hamezi. Asubuhi kabla ya chai anachagua gari moja kwa kidole. Apewe, alishike. Asipopewa hali. Hayo nayaandika kwa ajili yake.

Yustina Antipasi (Mama Belinda)


Upanga, Dar es Salaam
29 Novemba 2024

Yustina,

Barua yako imefika kwa basi. Nitajibu ulichouliza.

Sikusema gari limepotea. Nilisema limebadilishwa. Ni namba 38, jeupe lenye mstari wa bluu, rafu ya pili, la tatu kutoka kushoto. Gari lenyewe kubwa lilikimbia mbio za saa ishirini na nne kule Ufaransa, mchana na usiku bila kulala, na waliotengeneza mfano huu mdogo waliutoa jinsi lilivyokuwa likivuka mstari wa mwisho. Mafuta ubavuni. Vumbi la breki kwenye rimu. Wadudu waliokufa kwenye taa. Masizi nyuma. Uchafu ule umepakwa kiwandani kwa mkono, gari moja moja, na yalitoka machache. Wakusanyaji wanalitafuta dunia nzima. Lile safi la aina hiyo hiyo linapatikana kila mahali.

Siku ya Diwali mke wangu Mitali alimpiga Baba picha mbele ya kabati. Nikaikuza. Namba 38 ni safi kama jino.

Sasa niambie. Lililoingia kabatini lilikuwa chafu, lililopo ni safi. Gari halijioshi. Mtu kachukua lile halisi akaweka la kawaida, na mtu mwenye ufunguo wa kabati ni wewe. Kamran alifanya nilichomwomba. Huyo mtendaji ni wa kwenu, mimi sikumpigia.

Rudisha gari la Baba, utapata kitambulisho chako.

Mitali amerudi Singida kukaa na Baba. Anasema anautema uji.

Nikunj


Iguguno
3 Desemba 2024

Kaka Nikunj,

Shikamoo. Ile ya kwanza hukuiitikia, pengine ilidondoka njiani. Nakupa nyingine. Hii ni ya umri wako, si ya matendo yako.

Barua yako nimeisoma kwanza nimesimama. Mara ya pili nimekaa. Mara ya tatu nikacheka mpaka mjomba akaja kuniangalia, na alipofika akanikuta nalia.

Gari halijioshi, umesema. Kweli kabisa. Nililiosha mimi.

Mwaka wangu wa kwanza kwenu, Mama Chanchal alinifundisha: kabla ya Diwali nyumba itolewe vumbi hata nyuma ya picha, maana Lakshmi, mungu wenu wa neema, haingii penye uchafu. Kabati la magari lilikuwa la Mzee mwenyewe, mimi sikuligusa, alilipangusa kwa brashi yake laini. Mwaka huu mkono wake wa kulia umekufa. Basi nikasema kabati lisibaki aibu, nikafungua. Yote yana vumbi la kawaida. Nafika kwenye 38, nakuta masizi! Nikajisikia vibaya. Nikadhani macho ya Mzee yamechoka, hakuona, na mimi nimo humo ndani siku zote na sijaona.

Nikachukua mswaki wa Belinda, sabuni ya mche, na majivu kidogo kwa ajili ya rimu. Saa nzima, mtoto mgongoni. Wadudu hao uliowataja niliwatoa kwa kijiti cha kiberiti, mmoja mmoja, na nikawa najisifu.

Mzee alikuwa kwenye kiti chake. Unajua, au pengine hujui, kwamba tangu Machi amebakiwa na maneno matatu: chai, Chanchal, na mbio. Siku ile alikuwa anasema, "Mbio! Mbio!" Nami nikadhani ananiharakisha, kwa kuwa Mitali yuko njiani na wageni wengine wanakuja. Nikasugua haraka zaidi. "Mbio!" Machozi yakamtoka. Nikamfuta kwa upindo wa kanga, nikamwambia, "Usilie Mzee, linatakata."

Mpaka nimesoma barua yako ndipo nimejua. Hakuwa ananiharakisha. Alikuwa ananiambia uchafu ule ni wa mbio.

Hilo ni kosa langu, na nitamwomba msamaha yeye kwa mdomo wangu. Wewe msamaha huo hutauona kwenye karatasi. Kwa sababu kuiba sikuiba, na hapo ndipo ninapokugeukia.

Umesoma, Kaka Nikunj. Mimi nimeishia kidato cha nne. Hebu nipimie. Upande huu, Yustina aibe gari chafu, atafute jingine safi la kufanana nalo dunia nzima, alilete Singida mtoto mgongoni, aliweke rafu ya pili, la tatu kutoka kushoto. Upande wa pili, Yustina aone uchafu aoshe. Ukachagua ule wa kwanza! Miaka minne umenikuta nikiosha vyombo vyenu, mashuka yenu, na tangu Machi namwosha baba yako. Ulidhani nikiona uchafu nitaufanya nini kingine?

Na nani hupaka uchafu kwa makusudi akauita mali? Huku kwetu unakuja wenyewe, bure, na hakuna anayeutafuta dunia nzima. Kama unauthamini hivyo, ile nepi ya nne iliyobaki kwa Kamran mwambie aiweke kabatini.

Mwambie Mitali achukue tochi, aangalie kwenye maungio ya milango ya hilo gari. Mswaki haukufika kila mahali. Akishaona, mwandikie mtendaji wa Iguguno. Leo sio kesho.

Yustina Antipasi


Upanga
9 Desemba 2024

Yustina,

Mitali ameangalia. Kwenye maungio kuna masizi yaliyobaki, na kwenye rimu moja kuna majivu yako. Basi ni lenyewe.

Sidhani unaelewa ulichokifuta. Mama alipofariki mwaka 2022 sikuja kumzika. Nilikuwa safarini kikazi, nikasema nitawahi siku ya kumi na tatu ya matanga, nayo ikanipita. Nilimpa Mitali gari lile ampelekee Baba. Hayo mengine yote aliyakusanya mwenyewe tangu ujana wake, yaliletwa na ndugu na marafiki kwenye mabegi, moja moja. Langu lilikuwa lile moja. Nililichagua chafu kwa sababu Baba aliwahi kuniambia gari safi kila mtu analipenda, lakini lile lililofika limechoka ndilo la kweli. Sitalipata tena.

Hata hivyo, yamepita. Nimemwandikia mtendaji wenu, nakala iko hapa chini. Nimetuma pia pipi na gauni la mtoto. Jumatatu rudi kazini. Mitali lazima arejee Dar, na Baba amepungua.

Nikunj

*Kwa Mtendaji wa Kijiji, Iguguno. Napenda kufafanua kwamba aliyekuwa mfanyakazi wetu wa ndani, Yustina, hakuiba magari. Ni vigari tu vya kuchezea, na suala hilo nimelisamehe. Asante kwa ushirikiano.*


Iguguno
15 Desemba 2024

Kaka Nikunj,

Shikamoo ya tatu.

Ile barua yako mtendaji aliisoma kwa sauti, mbele ya ofisi, siku ya mkutano wa mbegu, na kijiji kizima kilikuwepo kwa sababu ya mbegu. Nilivaa gauni langu la kanisani. Nilisimama mbele. Nilijua naondoka pale na jina langu.

Aliposema "hakuiba magari", wanawake wawili walinishika bega. Kisha akaendelea. "Ni vigari tu vya kuchezea." Bega likaachwa. Kisha, "nimelisamehe."

"Ahaa," akasema mmoja nyuma. "Kumbe vigari. Kamwibia mzee mgonjwa vya kuchezea, akampe mwanawe."

Na mwingine, "Bora tajiri kamsamehe. Angekuwa mwingine angefungwa."

Kwa hiyo asante. Asubuhi nilikuwa mwizi wa magari, na angalau watu walijiuliza nilijifunzia wapi udereva. Mchana nikawa mwanamke anayemwibia mgonjwa mdoli wake. Mjomba Bonaventura alisema njiani, "Lile la kwanza lilikuwa na heshima kidogo." Halafu akasema jingine kwa Kinyiramba kuhusu wewe, ambalo siliandiki.

Umenisamehe nini? Anayesamehewa ni mwenye kosa. Umeitoa hatia mlangoni ukairudisha dirishani, tena umeivalisha nguo nzuri. Na umeichapa kwa mashine bila hata sahihi, kama tangazo la maji kukatika.

Na hilo "tu". Vigari *tu*. Miaka yote niliyokaa kwenu, ukipiga simu unauliza kabati kabla hujauliza watu. Nilipowahi kumwita mgeni mmoja aje aone "midoli ya Mzee", ulinisahihisha kwa simu, ukanieleza moja kwa arobaini na tatu ni kipimo cha kupunguza gari halisi, si mdoli. Leo imekubidi kukiri mbele ya kijiji kwamba ulikosea, ndipo yamekuwa vitu vya kuchezea. Umemkana baba yako ili usiniombe radhi mimi.

Mimi siyaiti vigari. Nimemwona akiyashika. Kabla ya kiharusi alikuwa ananisimulia wakati napiga pasi, hili lilikatika taa saa tisa za usiku likaendelea, hili lilisukumwa kwa mkono mpaka kwa mafundi. Niliwahi kuyapanga kwa rangi ili yapendeze, akanirudisha nikayapanga upya kwa miaka, akanipikia chai mwenyewe kwa usumbufu. Baada ya Machi, yale magari ndiyo yaliyompa mkono wa kushoto. Anakokota moja juu ya sinia, mbele na nyuma, kila asubuhi, jasho linamtoka. Daktari alisema afinye mpira. Mpira aliutupa.

Tena aliniambia gari moja kwenye mbio hizo lina madereva watatu, wanapokezana, maana hakuna mtu anayeweza saa ishirini na nne peke yake. Nyumbani kwenu mko watoto wangapi? Tangu Machi dereva nilikuwa mimi, na mtoto mgongoni, na hakuna aliyeuliza kama nimechoka. Mliuliza kama gari ni safi.

La mama yako, pole. Nasema kwa moyo. Nilikuwepo, nilishika beseni wakati wanawake wanamwosha. Mzee aliuliza habari zako mara nyingi siku zile. Nimeelewa sasa gari lile lilibeba nini, na nimesikitika kwamba mkono uliofuta ni wangu. Lakini uchungu wako wa kutokuja hukupaswa kuutafuta kwenye mfuko wa nepi za mwanangu.

Jana Jumamosi nilikwenda Singida. Sikwenda kazini, nilikwenda kuomba radhi kama nilivyosema. Mitali alifungua mlango, tukaangaliana, akanipisha. Mzee amepungua kweli. Nilipiga magoti kwenye kiti chake, nikamwekea 38 kwenye mkono wa kushoto, nikasema, "Mzee, nisamehe. Nilidhani ni uchafu wa nyumbani." Akalipitisha dole gumba kwenye taa, pale walipokuwa wale wadudu. Mimi nilikuwa nimetoka shamba asubuhi hiyo, kandambili zangu zina tope. Akainama, nusura aanguke, nikamshika. Akachota tope kwenye kandambili yangu kwa kidole, akalipaka kwenye rimu ya nyuma.

"Mbio," akasema.

Alikula bakuli zima. Mitali alinishika mkono nisiondoke. Alisema, "Yustina, mimi siwezi, ananitemea." Nikamwambia, "Dada, siwezi kuingia ndani wakati jina langu liko nje." Nikamwonyesha kijiko kinavyoingia, nikapanda gari nikarudi.

Gauni nakurudishia kwa basi hili hili. Na pipi. Moja Belinda alishaifungua kabla sijawahi, hiyo siwezi kuirudisha.

Yustina Antipasi


Upanga
20 Desemba 2024

Mama Belinda,

Marahaba. Zote tatu.

Nimeanza kujibu barua yako mara nne, kila mara nakuta najitetea. Hii naiandika kwa mkono, nisamehe mwandiko, sijaandika barua kwa mkono tangu shule.

Mitali alinipigia Jumamosi ile jioni. Alinieleza habari ya tope. Nilimwuliza ni rimu ya upande gani, akasema, "Huoni unachouliza?" Akakata. Amekuwa anakata siku zote hizi.

Nilikuwa nauliza habari za kabati kwa sababu kabati nililijua. Ningeuliza Baba yukoje, ningeambiwa.

Jana nilimpigia Kamran. Kitambulisho chako kimo ndani ya bahasha hii, amekileta mwenyewe kwa Mitali. Anasema alidhani anasaidia jirani. Nikamwambia nami nilidhani hivyo.

Najua ile barua kwa mtendaji iliharibu. Sitaki kukisia tena na kukosea tena. Niandikie unachohitaji nikitume, neno kwa neno, na nitafanya hivyo hivyo.

Nikunj Chandrakant


Iguguno
27 Desemba 2024

Kaka Nikunj,

Shikamoo. Habari za sikukuu zetu ni nzuri, tulikula kuku. Kitambulisho kimefika, hakijakunjwa, asante. Mwandiko wako unasomeka. Marahaba nimezipokea, nimezihesabu, zimetimia.

Usidhani hasira imekwisha. Ipo, ila sasa imekaa kwenye kiti, haizunguki nyumba nzima. Nimechoka, Kaka. Mchana napanda alizeti, mtoto anaota meno ya nyuma, na kila nikienda kisimani kuna mtu ananyamaza nikifika. Nikisikia kimya kile narudi na ndoo nusu.

Ukitimiza yaliyo hapa chini, siku inayofuata nitakuwa kwa Mzee na mfuko wangu. Usipotimiza, nitaendelea kwenda Jumamosi kumsalimia kama mgeni, na mgeni haoshi wala halishi. Sikutishi. Nakuambia jinsi kulivyo.

Nahitaji bado unitumie:

Mfuko wa nepi wa bluu, ulioko kwa Kamran. Uje mtupu na umefuliwa. Afue yeye.

Tarehe utakayokuja kumwona Mzee. Usiandike "karibuni" wala "Mungu akipenda". Siku na mwezi, nimwonyeshe kwenye kalenda ya ukutani, maana tarehe anazielewa bado, anafuata kwa kidole.

Barua tatu. Zote kwa mkono wako huo huo, kwa peni, na sahihi chini, na jina kamili kama ulivyoliandika safari hii. Maneno ni haya, usipunguze wala usipambe:

*Mimi Nikunj Chandrakant nilimsingizia Yustina Antipasi. Hakuiba gari wala kitu chochote. Alikuwa anasafisha nyumba ya baba yangu. Kosa ni langu, na ninamwomba radhi.*

"Tu" isionekane popote. Neno "samehe" usiliweke, hilo ni langu kulisema, na sijalisema.

Ya kwanza ni ya mtendaji. Aipate kabla ya Jumamosi tarehe 11 Januari, kuna mkutano mwingine wa kijiji, nao pia ni wa mbegu, kwa hiyo watakuja wote.

Ya pili ni ya Kamran. Aisome barazani kwake saa tano asubuhi, wateja wakiwepo, kwa sauti ile ile aliyotumia. Mitali asimame pale asikie, kisha aniandikie kwamba amesikia.

Ya tatu iwe kwenye karatasi ngumu kuliko hizo nyingine, na usiikunje, itume ndani ya bahasha kubwa. Ni ya Belinda. Ana miaka miwili, hajui kusoma bado.

Yustina Antipasi